Mateka Aliyeomba Kuhama Upande

"Nifungueni mikono niwaambie ninachokijua," alisema mateka. "Nimechoka kumtumikia yule bwana. Nataka kuwa upande wenu."

"Msimsogelee," Kinyozi alionya. "Mkagueni viatu kwanza."

"Mlishamkagua. Hana kitu."

"Mkagueni tena. Watu wa namna hii kisu wanaficha hata kwenye nywele, na nywele nazijua mimi."

Wakacheka. Mateka mwenyewe hakuwepo pale. Kulikuwa na meza ya kulia chakula, ramani iliyochorwa kwa penseli, vikombe vya chai na dadu mbili. Sauti ya mateka ilitoka kwa mwanamke aliyeketi kichwani mwa meza, na kila aliposema kama mateka aliviweka viganja pamoja kana kwamba vimefungwa kamba kweli.

Kila Jumamosi alasiri wanne hawa walikutana sebuleni kwa Mama, mzazi wa wawili kati yao, kucheza mchezo wao. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni, anamsemea na kumwamulia. Mmoja wao alikuwa msimulizi, naye anawasemea wote waliobaki duniani: maadui, wachuuzi, wafalme, hata mbwa wa lindo. Jambo likiwa na utata, dadu ndiyo inayoamua.

Msimulizi alikuwa mkalimani wa lugha ya alama mahakamani, na jina la kazi lilikuwa limemganda: Mkalimani. Aliyekaa kulia kwake alikuwa mchumba wake, fundi wa lifti, wakamwita Lifti. Kwenye mchezo yeye ndiye Kapteni wa kikosi. Dada yake Lifti, ambaye Mkalimani alimwita wifi hata kabla ya harusi, alikuwa mpiga upinde. Kinyozi, rafiki wa nyumba, alikuwa mganga wa kikosi, ingawa mpaka siku hiyo alikuwa ameua wengi kuliko aliowaponya.

Jumamosi iliyopita walikuwa wameteka daraja na sajini mmoja wa adui. Sasa sajini anaomba kuhama.

"Tumwachie, atakwenda kusema tulipo," Lifti alihesabu kwa vidole. "Tumuue, na mtu amejisalimisha. Tumburure na kamba zake, atatuchelewesha na chakula chetu atakula. Au tumpokee."

"Naijua njia ya nyuma ya ngome," mateka alisema kwa sauti ya Mkalimani. "Mkinipokea nitawaonyesha."

"Ndiyo maana mimi simtaki," wifi alisema. Hakuwa ameinua macho kwenye kikombe chake. "Amekuja na kile kile tunachokitamani. Halafu, mtu aliyemgeuka wa kwanza, huyu wa pili kwake ni nani hasa? Yuko hapa kwa sababu kule kumeharibika. Kule kukitengemaa, miguu itakumbuka njia."

Kila mmoja mezani alijua anayesemwa si sajini.

Mkalimani aliwahi kuwa mchumba wa kaka yao mkubwa. Kaka alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, na kutoka huko akavunja uchumba kwa ujumbe mfupi wa simu. Mama, kwa aibu, alimtuma Lifti kwenda kuomba radhi kwa wazazi wa binti. Siku hiyo mvua ilinyesha, wakamwazima mwavuli. Akarudi kuurudisha. Akarudi tena kuufuata wa kwake aliousahau alipokuja kurudisha ule. Mwishowe baba wa binti akasema, "Kijana, kama una shida na miavuli sema, kama una shida nyingine nayo sema." Akasema. Ndivyo walivyoanza.

Lakini wifi alimpenda kaka yake mkubwa kuliko kitu chochote, na machoni pake binti huyu alikuwa ametoka mkono mmoja kuingia mwingine ndani ya nyumba ile ile.

Mkalimani alimsubiri mchumba wake aseme neno. Yeye mwenyewe asingejisemea. Msimulizi hana upande, na hata mahakamani kazi ilikuwa imemzoesha kutoa maneno ya wengine bila kutia lake. Lifti alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Kinyozi ndiye aliyeingilia. "Msigombane. Kuna njia. Mpeni siri ya uongo. Mwambieni yeye peke yake kwamba tutaingia kwa lango la mashariki. Halafu tutazame. Tukikuta adui wamejazana mashariki, tumemjua. Tukikuta patupu, ni mtu wetu."

Lifti aliacha kukoroga. "Hiyo nimeipenda," alisema taratibu, kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa akikitafuta nyumba nzima.

"Na akija kujua kwamba mlimpima?" Mkalimani aliuliza.

"Atajuaje?" alisema Lifti.

Jioni ilipokaribia alimsindikiza. Walishuka ngazi za jengo polepole, kwa kuwa fundi wa lifti alikuwa anakaa kwenye jengo ambalo lifti yake haijawahi kufanya kazi.

"Ungesema neno moja tu," Mkalimani alianza.

"Ule ni mchezo, mpenzi."

"Wifi hakuwa anacheza."

Lifti alisimama kwenye kona ya ngazi. "Kaka amerudi."

"Lini?"

"Jumatano. Amefikia kwa rafiki yake."

"Leo Jumamosi."

"Nilikuwa natafuta namna."

"Namna ya kuniambia, au namna ya kuniangalia uso nikiambiwa?"

Rangi ya kijani ya ukuta ilikuwa imebanduka mahali ambapo watu hushika wakichoka, na Lifti akawa anaibandua zaidi kwa ukucha.

"Unajua mimi viatu vyangu vyote vya shule vilikuwa vyake kwanza," alisema. "Shati, baiskeli, kitanda. Kikinibana au kikinipwaya, navaa."

"Mimi si kiatu."

"Najua."

"Na yeye ndiye aliyeniacha. Sikumfukuza mimi."

"Ndilo linalonitesa hilo. Wewe hukumwacha. Angerudi siku ile, leo ungekuwa shemeji yangu, unanipakulia chakula na kuniuliza nitaoa lini."

Mkalimani angeweza kujitetea kwa alilotenda. Kwa ambalo halikutokea, mtu anajiteteaje?

"Nakupenda wewe," alisema mwishowe. "Sina kingine mfukoni."

"Na mimi nakupenda," alisema Lifti, na alikuwa akisema kweli. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Kesho yake asubuhi simu ya Mkalimani ilipokea ujumbe kutoka namba ngeni.

"Ni mimi. Nimerudi. Nilikukosea, na nilikukosea kwa simu, ambayo ni mbaya zaidi. Naomba tuonane niombe radhi kama mtu mzima."

Aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akajibu.

"Radhi nimeipokea. Kuonana hapana. Naolewa na mdogo wako. Tutaonana harusini, shemeji."

Baada ya muda kidogo likaja jibu. "Nimekuelewa, shemeji. Ametunukiwa."

Alitaka kumtumia Lifti aone. Alidhani atafurahi. Halafu akamfikiria atakavyosoma: ataliona neno "nimerudi" na mengine yote hatayaona. Akazifuta zote, za kwake na za yule, akaenda kuosha vyombo akijisikia kama mtu aliyeiba kitu chake mwenyewe.

Mchana Lifti akapiga.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Vipi?"

"Kampuni inanihamisha. Mji mwingine, mbali. Wanajenga majengo marefu huko, wanahitaji mafundi. Tukishafunga ndoa tu, tunaondoka."

"Mbona ghafla?"

"Ndivyo walivyoniambia. Lakini usimwambie mtu yeyote. Nataka Mama alisikie kwangu, wakati wake ukifika. Dada pia hajui. Unajua wewe tu."

"Na kazi yangu?"

"Utapata huko. Wakalimani wanahitajika kila mahali."

"Wewe unataka twende?"

"Nataka."

"Basi twende. Sitasema kwa mtu."

Lifti alikata simu. Pembeni ya kitanda chake dada yake alikuwa ameketi, mikono kifuani.

"Sasa tusubiri," dada alisema. "Kama anaongea na Kaka, wiki haitaisha Kaka hajaniuliza."

"Na asipouliza?"

"Nitamuomba msamaha wifi kwa magoti. Na wewe utalala usingizi. Hulali, nakusikia."

Simu ilipokuwa ikiendelea, nyuma ya mlango, kwenye korido, Mama alikuwa amesimama na nguo zilizokunjwa mikononi. Alikuwa amefika mwanzoni mwa maongezi ya simu, akaondoka kabla hayajaisha, kwa kuwa machozi yalikuwa yanadondokea nguo safi.

Jumatatu Mkalimani aliitwa ofisini kwa bosi wake. Kwa miaka alikuwa anafanya kazi ya kuitwa: kesi ikiwa na kiziwi anapigiwa simu, isipokuwepo anakaa nyumbani. Bosi alikuwa na uso wa mtu mwenye habari njema.

"Ajira ya kudumu imepita. Nimelipeleka jina lako mwenyewe. Unasaini leo."

Mkalimani alizishika pembe za kiti.

"Siwezi kuipokea, bosi."

"Huwezi nini?"

"Sitakuwepo. Mambo ya kifamilia."

"Unahama?"

Neno lilikuwa limefika mdomoni. Alikuwa ameahidi kutomwambia mtu yeyote, na bosi alikuwa mtu.

"Mambo ya kifamilia tu."

"Binti, hii nafasi nimeigombania. Ukisema unahitaji wiki mbili za kufikiri, sina, lakini nitazitafuta. Nipe sababu ya kuzitafutia."

"Sina sababu ninayoweza kuisema."

Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi nitampa mwenzako. Nisije nikasikia kesho unalia msalani."

Hakungoja kesho. Alilia siku hiyo hiyo, halafu akanawa, akaingia mahakamani kumtafsiria mama mmoja kiziwi aliyekuwa akidai watoto wake. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja.

Kwa Lifti hakusema kitu. Alijiambia, ataniona nimejitoa mhanga, atajisikia vibaya, na huko tunakokwenda nitaanza upya. Kila alipomuuliza kwa simu, "Safari imefikia wapi?" Lifti alijibu, "Bado iko palepale," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekalia mwiba.

Jumamosi ikafika, wakakaa mezani.

Mkalimani alisimulia vizuri kuliko siku zote. Kikosi kilinyemelea ngome kabla ya mapambazuko. Lifti akatupa dadu, ikatoa namba nzuri. Wakachungulia lango la mashariki.

"Mnaona nini?" Kinyozi aliuliza, shingo imemrefuka.

"Mlinzi mmoja," alisema Mkalimani. "Amelala. Kofia imemfunika pua. Hakuna mwingine."

"Kwa hiyo sajini hakusema?"

"Hakusema. Alipata nafasi ya kutoroka akiwa kisimani, na mlinzi wenu alikuwa anakojoa kichakani. Akateka maji akarudi."

Kinyozi alipiga meza kwa kiganja. "Mfungueni mtu wa watu. Kapteni, mpe na blanketi langu, ingawa lina viroboto."

Lifti alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la kweli, la kwanza wiki ile. Alimgeukia mchumba wake kama anayetaka kusema jambo, kisha dada yake akaweka kikombe chini.

"Huyo wa kwenye karatasi amefaulu," wifi alisema. "Wifi, jana Kaka aliniuliza, mnahamia mji gani?"

Mkalimani hakuelewa mara moja. Alimtazama Lifti. "Ulishawaambia?"

"Mimi sijamwambia mtu," Lifti alisema. Tabasamu lilikuwa limeondoka na rangi ya uso. "Nilikwambia wewe tu."

"Basi kampuni ndiyo iliyosema. Au mtu wa kazini kwenu."

"Hakuna wa kazini anayejua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna safari."

Kinyozi aliirudisha nyuma shingo yake. Nje, mtu alikuwa anapigilia msumari ukutani, anapumzika, anapigilia tena.

"Hakuna safari," Mkalimani alirudia, kama anavyorudia mahakamani maneno ya shahidi.

"Tulitaka kujua tu," alisema wifi, lakini kwa sauti ndogo kuliko aliyokuwa ameiandaa. "Kaka amejuaje, wifi, kama si wewe? Huongei naye?"

"Aliniandikia mara moja. Nikamjibu kwamba tutaonana harusini."

"Tuonyeshe."

"Nilifuta."

"Ulifuta," alisema Lifti.

"Nilifuta kwa sababu yako. Nilijua ungesoma nusu." Alisikia jinsi maneno yalivyosikika, na akajua kwamba hata kama angekuwa hakimu, asingemwamini shahidi huyo. Aliviweka viganja juu ya ramani. "Sikumwambia mtu. Sina ushahidi. Sikumwambia mtu, na siwezi kukuonyesha mahali ambapo sikusema."

"Jamani," Kinyozi alisema. "Mimi nilisema ya sajini. Kapteni, mimi nilikuwa nasema ya sajini."

"Nyamaza wewe," alisema Lifti, na macho yake yamejaa maji.

Ndipo Mama alipotoka jikoni. Alikuwa amesikia, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na kuta za karatasi, na sasa alisimama akijifutia mikono kwenye kanga yake.

"Ni mimi niliyemwambia kaka yenu."

Wote wakamgeukia.

"Nilikusikia unaongea na simu," alimwambia Lifti. "Unamwambia mkeo mnaondoka na Mama asijue. Nimelia wiki nzima. Nikamwita kaka yako nikamwambia, wewe ni mkubwa, zungumza na mdogo wako asiniache. Sikujua kwamba mwanangu ananidanganya hata kwenye siri anayonificha."

"Mama, sikukukusudia wewe."

"Ulimkusudia nani? Huyu?" Mama alimtazama Mkalimani. "Huyu alikuja hapa Jumanne, tukachambua mchele pamoja. Nikamtegea, nikamuuliza, mwanangu, baada ya harusi mtakaa wapi? Akaniambia, popote mwanao atakapotaka, Mama. Nilimkasirikia moyoni kwa kunificha. Kumbe alikuwa anaitunza takataka uliyompa."

Wifi alifunika mdomo kwa mkono. Lifti alianza kuinuka, akakaa, akainuka tena.

"Mpenzi. Nisamehe. Ni ujinga. Ni wivu. Yameisha, umeona? Yameisha, sasa najua."

"Umejua," alisema Mkalimani.

"Najua. Sitakuuliza tena maisha yangu yote."

Mkalimani alianza kukusanya dadu, akaziacha.

"Jumatatu walinipa ajira," alisema. Aliongea kwa upole, bila kumtazama yeyote. "Ile ya kudumu. Nikakataa, kwa kuwa tunahama. Bosi alitaka sababu ili anishikie nafasi. Sikumpa. Nilikuwa nimekuahidi."

Mama alivuta kiti akakaa bila kuangalia kama kipo.

"Nitakwenda kuongea naye," Lifti alisema. "Jumatatu asubuhi. Nitamweleza kila kitu."

"Alimpa mwenzangu Jumatano. Ana watoto wawili. Nilimpongeza."

Akachukua mkoba wake, akamuaga Mama kwa heshima, akashuka ngazi peke yake. Lifti alimfuata mpaka ghorofa ya pili. Hakukimbizwa wala hakufukuzwa. Alisimama tu pale, kwa sababu hakuwa na hata neno moja la kumsimamishia.

Hata hivyo, Jumatatu Lifti alikwenda mahakamani. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi.

"Kijana, lifti ikikatika kamba, wewe unairudisha juu kwa kuomba radhi?"

"Hapana, bosi."

"Basi hata mimi nafasi ina mtu."

Wifi naye alitimiza alichoahidi. Alikwenda kwa akina Mkalimani, akapiga magoti sebuleni mbele ya wazazi, mwanamke mzima.

"Wifi, nilikuwa nampigania kaka yangu, na kaka mwenyewe hakuwa vitani. Ameniambia nimemwaibisha. Nisamehe."

"Inuka, wifi. Nimesamehe."

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Na kweli alikuwa amesamehe. Alijikagua moyoni akitafuta hasira, kama mtu anayepapasa kitandani akitafuta simu, hakuiona. Kulikuwa na kitu kingine hapo, hakikuwa na jina.

Ujumbe wa Lifti uliingia kila siku. "Umekula?" "Leo nimefikiria kukupigia nikaogopa." "Mama anakusalimia." "Sistahili, lakini nipo." Kinyozi naye aliandika: "Shemeji, mimi mdomo wangu nitaukata kwa wembe wangu mwenyewe. Rudi." Hakuwajibu. Aliamka, akangoja kuitwa kazini, asipoitwa akakaa dirishani. Kila siku aliamua kumwacha, na kila siku kabla ya mchana uamuzi ulikuwa umeyeyuka bila mtu kuugusa.

Siku moja akavaa, akaenda alikojua anafanya kazi. Lilikuwa jengo la ofisi lenye ukumbi wa marumaru. Mlango wa lifti ulikuwa wazi, na nusu ya mwili wa Lifti ilikuwa ndani ya shimo, tochi kichwani, grisi mpaka viwiko. Alipomwona hakutoka. Alibaki humo shimoni akimtazama kutoka chini.

"Nimejaribu kukuacha," Mkalimani alisema. "Nimeshindwa."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Nakwambia kilichonipata. Ningeweza, ningekuacha. Wewe unastahili kuachwa."

"Nastahili."

"Lakini nikifikiria unakula peke yako, chakula hakinishuki. Nifanye nini mimi na moyo wa namna hii? Ndio niliopewa."

Lifti alilaza paji la uso kwenye ukingo wa sakafu, karibu na viatu vya Mkalimani. "Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Hilo halikuwa na kazi."

"Lenye kazi ni lipi?"

"Sijui. Nikilijua nitakwambia."

Harusi ikafungwa tarehe ile ile iliyopangwa. Ilipendeza. Mama alicheza mpaka kiatu kikatoka. Kinyozi aliwanyoa wanaume wote bure na kumkosea mmoja tu. Kaka Mkubwa alisimama akazungumza machache ya heshima, akasema mdogo wake ana bahati na ana akili, ukumbi ukapiga makofi. Alipokuja kumpa bibi harusi mkono, akamwambia, "Hongera, shemeji," Mkalimani hakuupokea mkono mpaka alipogeuka kumtazama mumewe usoni. Lifti akaitikia kwa kichwa. Ndipo alipoupokea.

Wageni walisema ni haya za bibi harusi. Mama peke yake ndiye aliyeacha kucheza.

Wakahamia nyumba ndogo ya vyumba viwili, wenye upendo na amani. Hapakuwa na kelele, na hakuna aliyelala njaa. Jirani aliwatolea mfano.

Alasiri moja Lifti alikuwa nyumbani mapema, amekaa mezani anatengeneza pasi. Mkalimani akaingia.

"Shikamoo ya wafanyakazi," alitania Lifti. "Umechoka?"

"Kidogo. Kesi iliahirishwa, nikatoka mapema. Nikapita duka la dawa, dawa ya Mama ya magoti. Alinihudumia yule mama mwenye miwani, ananifahamu, ukimuuliza atakwambia. Halafu barabara ilifungwa, wanachimba mtaro, ndiyo maana nimechelewa kidogo. Risiti hii hapa."

"Sijakuuliza, mke wangu."

"Najua."

Alitoa simu kwenye mkoba, akaifungua, akaiweka mezani mbele ya mumewe, kioo kikitazama juu. Akaenda kunawa.

Simu ikalia mlio mfupi wa ujumbe. Lifti akaendelea kukaza skrubu ambayo ilishakazwa.

"Ni nani?" Mkalimani aliuliza kutoka bafuni.

"Sijasoma."

"Soma tu."

"Ni simu yako. Utasoma mwenyewe."

"Soma, tafadhali." Maji yalisimama. Alikuwa anangoja. "Tafadhali."

Lifti akasoma. "Ni dada. Anauliza kama Jumamosi tutakwenda kucheza. Anasema Kinyozi ameleta dadu mpya."

"Mjibu."

"Nimjibu nini? Wewe unataka?"

"Unavyotaka wewe."

"Nakuuliza unachokitaka wewe, mpenzi."

Maji yakafunguliwa tena, yakachuruzika muda mrefu. Lifti aliishika ile simu, iliyo wazi kabisa mkononi mwake, haina neno la siri, haina kitu ambacho asingekiona. Aliwaza aseme nini ili jambo hili liishe. Alikuwa amelisema lote, kwa machozi, kwa magoti, kwa kiapo, na kila mara mkewe alimwambia, "Naamini," akamshika shavu, na kesho yake akarudi na risiti.

Akaizima, akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

Mkalimani alitoka akijifuta mikono. Alipopita aliigeuza simu ikatazama juu, taratibu, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza kilichokunjamana. Akambusu mumewe utosini.

"Chai nikuwekee maziwa?" akamuuliza.